Tupeane uzoefu: kumnasua nyoka (au kiumbe mwingine) aliyenasa kwenye gundi

Mwanzisha mada, Minneapolis

Habari za wakati huu, wadau. Huku Marekani kufuga nyoka ni jambo la kawaida, na mwanangu anaye mmoja wa rangi ya machungwa, wa jamii inayotoka kusini-mashariki mwa nchi hii. Hana sumu, ni mpole. Tangi la kioo tulilinunua likiwa limeshatumika, na mwenyewe wa kwanza alikuwa ameubana waya wa kipimajoto kwa selotepu, tena kwa ndani. Sasa nyoka kazi yake ni kupenyeza kichwa popote penye upenyo. Unyevu ulilegeza ukingo wa selotepu, na mtoto alipoamka akamkuta amenasa kuanzia nyuma ya shingo. Kila alivyojipinda ajitoe, ndivyo ilivyozidi kumzunguka.

Mtoto alitaka kuvuta, nikamshika mkono. Ngozi iliyo kati ya gamba na gamba ni nyembamba mno, ukivuta inakuja nayo. Tulichofanya ni kuitenga kwanza selotepu na kioo kwa mkasi usio na ncha, tukamtoa nyoka na kipande chake mwilini. Mmoja akamlaza juu ya taulo na kumshikilia mwili mzima ili asining'inie. Mwingine akachovya pamba ya masikio kwenye mafuta ya alizeti na kuyapitisha ukingoni tu. Unasubiri. Ukingo ukilegea unaukunja kwa nyuma, unaongeza mafuta pale gundi inapokutana na gamba, unasubiri tena. Tulitoka kichwani kwenda mkiani, maana magamba yamelala kuelekea huko. Ukienda kinyume unayanyanyua. Asubuhi nzima ilikwisha kwa kazi hiyo moja. Kisha tukamwosha kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, tukamsuuza, tukampangusa.

Wenye yaliyowakuta, hata kama si nyoka, karibuni.

Mdau wa Tabata

Mkuu, mimi sifugi, ila nilimnasua mmoja kwenye gundi ya panya. Alikuwa stoo, nyoka wa kahawia mwenye mistari miwili myeupe-njano ubavuni mwa kichwa, mmoja unapita juu ya jicho na mwingine chini yake. Huyo hana sumu, chakula chake ni panya na mijusi. Inaniuma kila nikifikiria: alimfuata panya yule yule tuliyemtegea sisi. Majirani walikuja na mafagio na chepe, nikawaomba wanipe nafasi.

La kuwaongezea: gundi ile haikauki. Unamtoa kiuno, anajirusha, ananasa mkia. Kwa hiyo kabla ya mafuta nilimwaga unga wa ngano sehemu yote ya ubao iliyobaki wazi, ikaacha kunata. Hapo ndipo nikaanza kumimina mafuta ya kula kidogo kidogo pembeni mwa mwili, huku nikimsukuma taratibu kwa kijiti bapa. Alipotoka nilimwachia vichakani nyuma ya nyumba, jioni.

Mama wa Kuku, Kibaha

Kwangu alikuwa kifaranga. Mafuta yalimtoa vizuri, lakini manyoya yakilowa mafuta hayashiki joto, anaanza kutetemeka. Mwosheni na sabuni, mkausheni kwa kitambaa, mumweke chini ya taa mpaka achangamke. Wangu alipona.

Mdau wa Malindi

Jamani, mimi nawasihi jambo moja. Ukimkuta nyoka kwenye gundi na humjui, usimguse. Kwetu huku pwani kuna swila, na swila hutema sumu ikafika zaidi ya mita mbili. Hata kama mwili umeganda, kichwa kikiwa huru anaweza kukufikia machoni. Sisi tulifunga mlango wa ghala, watoto wakatolewa, tukawapigia watu wa nyoka wa Watamu. Ile sehemu ya Bio-Ken aliyoianzisha James Ashe mwaka 1980 ndiyo iliyotuzoesha watu wa huku kupiga simu badala ya kushika panga. Hata yule swila mkubwa kuliko wote wanaotema sumu alipewa jina la kisayansi la kumkumbuka Ashe, Naja ashei, mwaka 2007. Na sumu ikikuingia jichoni, osha kwa maji mengi mfululizo, usisugue, kimbia hospitali.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Nawashukuru wote. Niongezee ya kitaalamu kidogo, maana nimeletewa wanyama walioharibiwa na dawa ya kuwanasulia, siyo gundi.

Petroli, mafuta ya taa, thina, na ile dawa ya kufuta rangi ya kucha: hapana. Zinaunguza ngozi, na mvuke wake unaingia mapafuni. Nyoka wengi hutumia pafu moja tu, la kulia; la kushoto ni dogo mno au halipo kabisa. Mafuta ya kula au mafuta ya mtoto yanatosha. Maji peke yake hayasaidii, gundi hizi haziyeyuki kwa maji.

Mafuta yasiingie puani wala mdomoni. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu, na selotepu ikiwa imeshika hapo usiiguse, mlete ilivyo. Vivyo hivyo ukiona damu, ngozi iliyochanika, au anapumua mdomo wazi. Nyoka hupumua kwa kutanua mbavu, kwa hiyo aliyebanwa kifua ndiye wa kuanza naye. Maji ya kumwoshea yasiwe ya moto. Akishatoka, mpe maji na mahali pa kujificha, mwacheni bila kumshikashika. Chakula kisubiri siku kadhaa, mpaka atulie.

Kwa mjusi kafiri, usimshike mkia kabisa. Ataukata akuachie.

Mdau wa Coventry

Huku England sheria ya 2022 imekataza watu wa kawaida kutumia gundi ya panya, na imeanza kazi tarehe 31 Julai 2024. Ni wenye leseni tu wanaoruhusiwa. Wales walitangulia, Oktoba 2023. Natamani na kwetu tufike huko. Mtego wa kubana unaua mara moja, gundi inamtesa panya usiku kucha na kumkamata kila apitaye.

Mwanzisha mada, Minneapolis

Asanteni sana. Waya sasa tumeupitisha nje ya kioo, selotepu haiingii tena mle. Daktari, swali: kuna mabaki madogo ya gundi kwenye magamba mawili ya shingoni. Niendelee kuyasugua?

Daktari wa mifugo, Morogoro

Usisugue, mkuu. Kama ngozi chini yake haijavimba wala kubadilika rangi, yaache yatoke na ngozi atakapojivua. Ukiona macho yamekuwa ya maziwa-maziwa na rangi imefifia, ujue siku zimekaribia. Mwekee kiboksi chenye kitambaa kibichi ndani. Ngozi ikishatoka ifungue uitazame upande wa kichwa, vile vifuniko viwili vya macho viwe vimetoka vyote. Kimoja kikibaki, usikibandue, mlete.