"Mpigie shemeji nimweleze": fundi umeme wa pale mwembeni kanidhalilisha!

Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka, mwandiko mtausamehe.

Yule fundi umeme wa magari wa pale mwembeni, simtaji, mnamjua, nusu ya mji keshawalia hela. Nilimpelekea Corolla yangu ya 1998. Kuna siku inaamka vizuri, kuna siku asubuhi stata inalia tik tik tik basi. Ukiishtua inawaka, inashinda barabarani, siku mbili tatu yale yale. Akaniuzia betri mpya. Nayo ikalala chali. Akahamia kwenye altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Altaneta nimeipima mwenyewe, injini ikinguruma inatoa volti 14.2!

Nikamwambia kwa adabu kabisa: fundi, kuna kitu kinakula chaji gari likiwa limezimwa, tena hakili kila siku. Fungua waya wa terminali hasi ya betri, weka mita katikati ya waya na terminali, funga milango, subiri gari litulie ndipo usome. Ikizidi miliampea 50 hivi, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Yeye kagusisha nyaya za mita kama anaonja chumvi ya mchuzi. "Hapa hamna kitu."

Nilipobisha, akanitazama kichwani hadi miguuni, mbele ya wateja, mbele ya muuza kahawa: "Dada angu, mpigie shemeji nimweleze yeye."

SHEMEJI YUPI? Kadi ya gari jina langu! Hela ya betri imetoka kwenye simu yangu! Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga kahawa ya watu. Mpigie shemeji!!!

Kamba Mbili: Sasa shemeji ulimpigia au? 😂

Mleta uzi: Mkuu usinichokoze. Ile sauti bado naisikia. "Nimweleze yeye." Amweleze nini, wakati hajui hata kinachokula betri?

Mgosi: Gari la 1998. Uza, nunua baiskeli, haina betri.

Babu Kijiko: Mwanangu, hiyo 14.2 isikudanganye. Diodi ya altaneta, ile inayoruhusu umeme upite upande mmoja tu, ikivuja, mchana inachaji, usiku inanyonya, na ukichomoa fyuzi za ndani huioni. Tenga ule waya mnene wa altaneta, terminali ikiwa imefunguliwa, kisha pima upya. Na taa ya buti? Weka simu ndani irekodi, funga, utaona kama inazima.

Mgosi: Babu, mpigie shemeji umweleze yeye 🤣

Mleta uzi: Mgosi nitakutafuta.

Wa Noah: Afadhali wewe alishika mita. Wangu aling'oa redio, eti ndiyo inayokula chaji. Betri bado inakufa, dashibodi ina tundu, na redio nimeiona kwenye gari la shemeji yake!

Kamba Mbili: Redio tu? Fundi cherehani kanishonea suti ya harusi, mguu mmoja mrefu. Kaniambia "ukitembea utaivuta kidogo, bosi."

Wa Noah: Huyo si ndiye aliyeharibu vitenge vya sendofu ya mdogo wangu? Yule wa ghorofani?

Kamba Mbili: Huyohuyo!! Na chenji yangu hajarudisha.

Mgosi: Ana suruali yangu pia tangu Pasaka. Kesho saa nne tumfuate wote.

Wa Noah: Nakuja na mama. Vitenge vilikuwa vyake.