Lenzi na tripodi za kupandia Mlima Meru

Swali: Habari zenu, ndugu. Natarajia kupanda Mlima Meru kupitia lango la Momella, na nia yangu kubwa ni kupiga picha za mandhari, hasa jua linapochomoza upande wa Kilimanjaro. Nichukue lenzi zipi, na je, tripodi (stendi ya kamera yenye miguu mitatu) inastahili uzito wake?

Jibu la 1: Ndugu, wengi hubeba lenzi pana pekee, yaani ile inayoonyesha eneo kubwa kwa picha moja, lakini ya milimita 16 itaufanya Kilimanjaro, ulio umbali wa kilomita 70 hivi, uonekane kama kichuguu, kwa hiyo ongeza ya kuvuta vitu vya mbali, ya milimita 70–200 yenye f/4 (kipimo cha upenyo wa kupitisha mwanga), ambayo ni nyepesi kuliko ya f/2.8. Lenzi pana itumie ukingoni mwa kreta, ambako koni ya majivu, yaani kilima cha majivu ya volkano kilicho ndani ya kreta, iko chini yako.

Jibu la 2: Naungana naye. Tripodi ibebe, iwe ya nyuzi za kaboni, isizidi kilo moja na nusu. Usiinue nguzo ya kati, kwa sababu upepo wa alfajiri huitikisa. Tundika begi chini ya tripodi, liguse ardhi kidogo ili lisiyumbe.

Aliyeuliza: Nashukuru sana. Na betri?

Jibu la 2: Lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi hushusha chaji haraka.