Mrejesho: taka za kuchanganya kwenye mboji ya manispaa
Niliuliza ni taka gani zilizorejelezwa zingepunguza harufu ya amonia kwenye marundo yetu ya mboji. Asanteni sana kwa majibu.

Maboksi yaliyochanwachanwa yamesaidia kuliko vyote: yanaongeza kaboni, yananyonya maji na kuacha nafasi za hewa. Rundo lilipita nyuzi 55 za Selsiasi na kubaki huko, joto linaloua vimelea.

Jivu siliungi mkono kabisa. Linapandisha pH (yaani linapunguza uasidi wa rundo), na nitrojeni tunayoihitaji inapotea hewani kama amonia. Jipsamu ya dari tumeiweka kidogo tu, tena penye hewa ya kutosha, maana pasipo oksijeni salfa yake hugeuka gesi inayonuka mayai viza.

Tunasubiri vipimo vya metali nzito, zile zenye sumu kama madini ya risasi. Kabla havijatoka, mkulima hapewi hata gunia moja.