Naomba ushauri: saa ya sataranji, ya kidijitali, ya ufunguo, au simu inatosha?

Kitunda_Mbele:
Wakuu, habari za muda huu. Nataka kununua saa ya sataranji wiki hii, lakini kila nikiingia mtandaoni nazidi kuchanganyikiwa. Kuna za kidijitali, kuna za mishale za kutia ufunguo, na kuna jamaa kaniambia nisitupe hela, nipakue programu kwenye simu tu. Wajuzi, ipi bora?

Mzee_wa_Ngome:
Bora kwa kazi gani, mkuu? Unacheza na nani, gemu za dakika ngapi, unataka saa moja au kumi, mfukoni una shilingi ngapi? Bila hayo kila mtu atakutajia aliyonayo kwake.

Farasi_Mweusi:
DGT 3000, ya kidijitali. Uzi ufungwe.

Mzee_wa_Ngome:
Haya, si nilisema?

DadaMalkia:
Kwani saa ni lazima? Sisi barazani jioni tunacheza bila saa, kahawa inapita, hakuna anayekimbizwa. Saa inaleta presha tu, mtu anaacha kufikiri anaanza kupapasa kete.

Mzee_wa_Ngome:
Dada, hujakutana na yule ambaye akiona kazidiwa anaganda mpaka wewe uchoke uondoke. Tabia hiyo ni ya zamani. Kwenye mashindano ya London 1851 watu walilalamikia sana wachezaji wazito. Mwaka 1861 Anderssen na Kolisch walicheza kwa saa za mchanga, na 1883, London hapo hapo, ndipo zikaja saa mbili zilizounganishwa, moja ikienda nyingine inasimama. Presha ipo, sawa, lakini wote wawili mnapewa kiasi kilekile. Na ukizoea saa unajifunza kitu ambacho baraza haikufundishi: kujua hatua ipi inastahili dakika nne na ipi uisogeze tu.

Pwani_Gambiti:
Kuhusu simu nina kisa. Kulikuwa na bonanza shule moja (siitaji), saa hazikutosha, tukaambiwa meza za mwisho tutumie simu. Simu ikawa ya mpinzani wangu. Tumefika mwishoni, mimi nina ngome na kitunda, yeye ana ngome tupu, na muda wangu umezidi wake karibu dakika nzima. Simu ikaita! Jina la mpigaji likafunika kioo chote, saa haionekani. Yeye anasema programu imesimama, mimi nasema inaendelea, huku kitu kinatetemeka mezani hadi kete zinasogea. Alipokata, kumbe zilikuwa zinatembea sekunde ZANGU. Msimamizi alikuwa mwalimu wa michezo, mtu mwema kabisa, ila sheria hazijui. Akatazama ubao, akatazama simu, akasema "nyie gawaneni pointi". Sare!

Halafu kuna hili watu hawalisemi. Saa halisi upande mmoja wa kitufe ukishuka, wa pili unanyanyuka. Umeinamia ubao, kwa pembe ya jicho tu unajua zamu ya nani. Simu haina hicho. Na kijana mwenye hasira akikipiga kioo kile, nani atalipa?

Farasi_Mweusi:
Ungeweka hali ya ndege.

Pwani_Gambiti:
Simu si yangu, nitaiwekaje hali ya ndege?

Ufunguo_Daima:
Mnasumbuka bure. Nina Garde ya Ujerumani Mashariki, ya mishale, haijui betri ni nini. Gemu ya dakika 5 unaweka mshale mrefu kwenye namba 11, mshale wenyewe ukikaribia 12 unainua kibendera taratibu, kikidondoka muda wako umekwisha, kwisha habari. Ile tiki-tiki ndiyo sataranji yenyewe.

Mzee_wa_Ngome:
Nzuri kwa sebule. Kibendera kikishaning'inia, niambie una sekunde 40 au 12? Huwezi. Na haina nyongeza, yaani sekunde unazoongezewa kila ukicheza hatua. Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa zamani, aliomba hataza ya saa ya nyongeza 1988, akaitumia dhidi ya Spassky 1992. Leo mashindano ya dunia ya gemu za kasi kabisa (blitz) ni dakika 3 na sekunde 2 kwa kila hatua. Bila nyongeza, mtu aliyekushinda ubaoni anapoteza kwa sababu vidole vyako vina kasi.

Ufunguo_Daima:
Alikuwa wapi muda wote? Angepanga muda wake.

Kitunda_Mbele:
Samahani nilikuwa kazini. Ni za klabu ya wanafunzi, sekondari, mbao nne. Bajeti yote ni laki mbili na nusu.

Mzee_wa_Ngome:
Ungeanza na hilo! Basi sahau DGT 3000. Usikimbilie pia DGT 1001 kwa sababu ya unafuu wa bei, ile inahesabu kurudi nyuma tu, nyongeza haina. Tafuta mbili za kawaida zenye nyongeza kuliko nne zisizo nayo, meza mbili zicheze kwa saa kwa zamu. Hakikisha zinatumia betri za AA za dukani, na tarakimu zisomeke hata mkiwa nje juani. Na wafundishe mapema: mkono uliosogeza kete ndio unaobonyeza saa.

DadaMalkia:
Hiyo nayo ni sheria? Mimi natumia mashoto, saa wananiwekea kulia kila siku.

Mzee_wa_Ngome:
Ni sheria ya FIDE, shirikisho la sataranji duniani, dada. Ila saa ikae upande gani anaamua msimamizi.

Farasi_Mweusi:
Kijiweni kwetu tunapiga kwa mkono wowote na hakuna aliyekufa.

Pwani_Gambiti:
Ndiyo maana kwenu mkono mmoja unakula kete, wa pili umeshafika kwenye saa kabla kete haijatua. Nimewaona.

Kitunda_Mbele:
Nimewaelewa kiasi. Mkuu Ufunguo, hiyo Garde unaiuza?

Ufunguo_Daima:
Siuzi.