Mrejesho: kutengeneza magari nyumbani, jirani kalalamika

Wakuu, nimerudi. Niliomba ushauri baada ya jirani wa ukuta mmoja, hapa Tabata, Dar es Salaam, kunishtaki kwa mjumbe wa mtaa kwa sababu ya magari ninayotengeneza uani wikiendi.

Namshukuru sana aliyeniambia nikamsalimie mama yule kabla mjumbe hajatuita. Kumbe nyundo anaivumilia. Kinachomuumiza ni moshi. Ukuta wetu una matundu, gari ikiwashwa moshi unaingia moja kwa moja chumbani kwa mjukuu wake mwenye pumu. Sasa gari naigeuza, ekzosi inaelekea barabarani, na ikifika saa 12 jioni hakuna kupiga resi.

Oili chafu nakinga kwenye beseni, kisha naiweka kwenye madumu mpaka wanunuzi wapite. Mtaroni haiendi hata tone. Chini natandaza maranda ya mbao, yananyonya vizuri. Rangi sipulizi kabisa nyumbani: inasafiri na upepo, na nguo za watu ziko kambani.

Mjumbe hakutuita tena. Amebaki jirani wa nyuma, mlinzi wa usiku, analala mchana. Kwa huyo bado naomba mawazo.