Kugandisha chakula cha mtoto: kipi kinafaa, na stima ikikatika je?

MamaWaLangoni

Assalam alaikum jamani. Mwanangu anatimiza miezi sita mwisho wa mwezi huu, inshallah, na nataka nianze kumpa chakula. Naishi hapa Amu, kisiwani Lamu, na kazi yangu iko ng'ambo, Mokowe, kwa hiyo asubuhi nawahi boti, kurudi ni jioni. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu tu, mnajua, basi tangu hapo najikamua maziwa, naweka kwenye barafu, mavyaa anampa kwa kikombe. Hilo limekwenda vizuri, alhamdulillahi.

Sasa nilifikiri chakula nacho nikifanye vivyo hivyo. Jumamosi nipike boga, pojo na samaki, nisage, nigandishe kwenye trei za barafu, halafu wiki nzima mavyaa awe anatoa vipande viwili vitatu na kupasha moto. Lakini yeye hataki kusikia. Anasema chakula kilicholala kwenye barafu kitamtia mtoto kifua na tumbo. Sitaki kubishana naye, maana ndiye anayenilelea, ila pia siwezi kuamka saa tisa usiku kila siku nikakune nazi.

Nauliza: kipi kinagandishika na kipi kinaharibika? Kinakaa muda gani? Na stima za huku mnazijua, zinaondoka bila kuaga. Zikikatika nitupe vyote? Friji yangu ni ya mlango mmoja, ile yenye kijisanduku cha barafu juu kwa ndani. Blenda ninayo.

MamaBarani_Malindi

Wa alaikum salaam, shoga yangu. Mimi ni mpishi, mchana napikia wageni na usiku napikia watatu wangu, wa mwisho ndiyo kwanza anaota meno. Nitakujibu kirefu kwa sababu hili jambo watu hulianza na blenda, na blenda ndiyo ya mwisho kabisa.

Anza na hicho kijisanduku. Tazama mlangoni pake kama pana alama za nyota. Nyota moja maana yake kinafika nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili nyuzi 12, tatu nyuzi 18. Chakula cha kukaa miezi kinataka hizo 18. Kwa nyota moja hesabu wiki moja, kwa mbili hesabu mwezi. Kama hakuna nyota yoyote, hapo ni pa kugandishia maji ya kunywa, usipaamini na samaki wa mtoto. Lakini kwa mpango wako wa kupika Jumamosi kwa Jumamosi, hata nyota moja inatosha ukipika cha wiki tu. Ukitaka zaidi, mtaani kwenu hakukosi nyumba yenye friza kubwa ya kuuzia watoto barafu. Mwombe kona moja, umpelekee mahamri siku moja moja.

Pili, na hapa ndipo nitakapogombana na watu: usigandishe kila kitu. Gandisha kile kinachokutesa kukipika. Papai, ndizi mbivu na parachichi havina haja ya friza. Ndizi Mungu ameifunga kwenye ganda lake mwenyewe, mavyaa anaimenya, anaiponda kwa uma, kwisha. Tena ukiigandisha inageuka nyeusi na mtoto anaitazama kama unavyoitazama wewe. Embe peke yake ndilo naliruhusu. Ngowe zikijaa sokoni na bei ikashuka, saga na ugandishe, kwa sababu Julai utazililia.

Vinavyostahili nafasi ni pojo, kunde, mbaazi, boga, viazi vitamu, samaki, ini na kuku. Mbatata na muhogo achana navyo, vikisagwa na blenda vinakuwa gundi, vikigandishwa na kuyeyuka vinatoa maji na kubaki chengachenga. Yai la kuchemsha vilevile, ute wake unakuwa mpira. Apikiwe lake siku hiyohiyo.

Pojo: loweka usiku, mwaga maji, chemsha mpaka zipasuke zenyewe na ukizibinya hazina kiini kigumu. Saga na maji kidogo ya kuchemshia. Usitie tui. Tui likigandishwa hukatika, ukiyeyusha unaona mafuta huku na maji kule. Mavyaa atatia kijiko cha tui bichi akishapasha, na libubujike kidogo motoni. Mboga za majani mimi nachemsha dakika chache, nasaga na nagandisha papo hapo, siziachi zikae bakulini hata kwenye friji.

Samaki: changu au kolekole, mpike kwa mvuke, asiwe na chumvi. Mtoe nyama kwa vidole, si kwa uma, maana kidole kinahisi mwiba ambao jicho halioni. Pitia mara ya pili mikono ikiwa mikavu. Tafi ni mtamu, lakini miiba yake myembamba, mwachie baba yake. Papa usimpe kabisa, na nguru wale wakubwa pia, samaki wala-samaki hukusanya zebaki mwilini na mtoto mdogo haitaki. Ng'onda, yule samaki wa kukausha, ndiyo usithubutu, ni chumvi tupu.

Sasa kupoza, ambako huku kwetu pwani ndiko kwenye hatari kuliko kote. Chakula kikitoka motoni, usikiache mezani kipoe chenyewe. Kwa joto la Machi, saa moja inatosha wadudu kuanza kuzaana. Weka bakuli ndani ya sinia la maji ya baridi, tia barafu kama ipo, koroga, kikishakuwa cha vuguvugu mimina kwenye trei, funika, ingiza. Barafu haiui wadudu, inawalaza tu, kwa hiyo wale ulioingia nao ndio utakaotoka nao. Kesho yake vipande vimekuwa mawe: vigonge uvitie kwenye mikebe ya plastiki yenye vifuniko. Mifuko ya plastiki tulishapigwa marufuku tangu 2017 na sioni hasara, mkebe unafuliwa. Juu bandika karatasi, andika kitu gani na tarehe. Mavyaa asiwe anabahatisha kati ya boga na embe.

Kwenye friza ya nyuzi 18, maliza ndani ya miezi miwili. Kilichoyeyuka hakirudi. Na kilichoguswa na kijiko kilichotoka kinywani mwa mtoto hakihifadhiwi hata kwenye friji, kwa sababu mate yameshaanza kazi. Ndiyo maana nasisitiza vipande vidogo, utupe kidogo. Paka wa Amu hawatalalamika.

Kupasha: kipande kwenye kibakuli, kibakuli ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, koroga mpaka katikati patoe moshi, halafu kipoe. Si kupasha nusu kwa kuwa mtoto ana njaa.

MuuguziKisiwani

Dada Barani ameshasema mengi, nitaongeza ya kliniki tu.

Miezi sita ndio wakati wenyewe, kabla ya hapo ziwa linatosha hata kwa jua la huku, bila maji. Baada ya hapo ziwa linaendelea mpaka miaka miwili au zaidi, lakini madini ya chuma aliyozaliwa nayo yanakuwa yamepungua, na hapo ndipo boga peke yake linapowadanganya kina mama. Boga lina rangi nzuri na mtoto analipenda, ila chuma halina cha kutosha. Kwa hiyo kwenye hizo trei zako, samaki, kuku, ini na pojo visikose. Ini mara moja kwa wiki, kidogo, kwa sababu lina vitamini A nyingi mno. Pojo zikienda na papai au tone la ndimu, chuma chake kinaingia vizuri zaidi. Chai inafanya kinyume, na najua huku kwetu mtoto akikaa tu anaonjeshwa chai ya maziwa kwenye kisosi. Msimwonjeshe.

Kiasi: mwanzoni vijiko viwili au vitatu vikubwa kwa mlo, mara mbili au tatu kwa siku, kikipanda polepole hadi nusu kikombe. Kiwe kizito. Kijiko ukikiinamisha chakula kisimwagike kama maji, la sivyo unalijaza tumbo maji na mtoto haongezeki uzito.

Chumvi na sukari hapana. Asali hapana mpaka atimize mwaka, hata ya kulainisha koo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauviwezi. Na maji: visima vingi vya mjini vina chumvichumvi. Pika na kulegezea chakula kwa maji matamu, yaani yasiyo na chumvi, yaliyochemshwa.

Jambo moja mnalisahau wote mnaopenda blenda. Laini kabisa ni ya wiki za mwanzo tu. Akifika miezi minane awe anapata cha kuponda chenye vibonge laini, na vya kushika mwenyewe. Mtoto anayesagiwa mpaka mwaka huja kukataa wali akidhani ni mawe.

BibiWaMkomani

Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia. Mwanangu, mavyaa wako hana makosa. Wana wangu nimewalea hapa Mkomani pasi na friza, na mwana akiona ndaa alikula kilichokuwako nyumbani. Hamkuuliza: kwani nyumba hiyo haipikwi mchana? Chakula cha mwana hutoka kwenye sufuria ya wazima. Mchuzi ukishaiva samaki, kabla hujatia chumvi na pilipili, mtolee chake, kipondwe na wali, basi. Samaki wa asubuhi ya leo ni bora kuliko wa Jumamosi iliyopita. Na kifua hakitoki kwenye barafu, hilo nitakuunga mkono. Lakini tumbo hutoka kwenye mikono, na mikono yako Jumamosi haiwi misafi kuliko ya mavyaa wako Jumanne.

MamaBarani_Malindi

Shikamoo bibi. Hapo umeniweza, na nitamwambia MamaWaLangoni akusikilize: kumtolea kabla ya chumvi ni kazi ya dakika moja na inapunguza nusu ya trei. Mimi nabaki na pojo, ini na samaki wa akiba. Kusi likivuma na vyombo vya uvuvi visitoke, samaki wa asubuhi atatoka wapi?

MchuuziWaGati

Mimi si mama, ni mchuuzi wa samaki, ila barafu ndiyo riziki yangu, basi la stima nitalijibu mimi.

Stima ikikatika, mkono wako usiende kwenye mlango. Friza iliyojaa ikifungwa inashikilia baridi siku mbili nzima, iliyojaa nusu, siku moja. Hiyo ni friza kubwa. Kijisanduku cha dada chembamba, hakivumilii hivyo, mpe masaa machache na uwe tayari kuhamisha. Kinachokula baridi ni nafasi tupu, kwa hiyo jaza chupa za maji, usizijaze mpaka mdomoni zisije zikapasuka, zigande zikae pembeni ya mikebe ya mtoto.

Na huwezi kujua kama stima ilikatika ukiwa Mokowe ikarudi kabla hujafika. Gandisha kikombe cha maji, juu ya barafu weka sarafu. Ukirudi ukaikuta sarafu juu, salama. Ukaikuta imezama, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na chakula cha mtoto nacho kiliyeyuka pamoja nayo. Hapo tupa, usinuse. Samaki aliyeharibika si lazima anuke, niamini.

Stima ikirudi ukavikuta vipande bado vina barafu ndani, vigumu, viache. Vikiwa vimelegea, vilivyo baridi kama vilivyotoka friji apewe siku hiyohiyo, vilivyopata joto vitupwe. Kukiwa na tangazo la kukatwa siku nzima, kuna maboksi ya wavuvi, lile zito lenye kuta nene. Barafu chini, mikebe katikati, barafu juu, funika.

MamaWaLangoni

Bibi, shikamoo, na nyote ahsanteni. Nimekwenda kutazama mlango: nyota moja. Kwa hiyo ni wiki kwa wiki. Nimemsomea mavyaa maneno ya bibi wa Mkomani, akacheka, akasema mchana mtoto atakula kwenye sufuria yake yeye, na kwamba pojo naweza kugandisha "kama nimeshikilia sana", ila samaki atampika mwenyewe. Mimi nimekubali haraka asije akabadilika.

Moja tu limebaki. Maziwa yangu yale ya barafu, naweza kuyachanganya na boga kabisa kisha nigandishe pamoja, ili asipate shida ya kulegeza?

MamaBarani_Malindi

Hapana, maana hayo yameshagandishwa mara moja na kuyayeyusha kisha kuyarudisha hakufai. Gandisha boga zito peke yake. Mavyaa akishalipasha, atie maziwa yaliyoyeyushwa kwenye friji usiku, kidogokidogo mpaka apate uzito anaoutaka. Maziwa yenyewe yasichemke. Na boga ukilichoma na ganda lake badala ya kulichemsha, linatoka zito na tamu, hutahitaji hata kuongeza maji.

MuuguziKisiwani

Kimoja kipya kwa wakati, siku mbili tatu, ndipo uingize kingine. Boga wiki ya kwanza, pojo baadaye. Ukiona vipele au uvimbe mdomoni, unajua ni kipi. Akipata shida ya kupumua usingoje, mkimbize hospitali.