Hugenberg au Strasser: maisha ya nani yanaeleza zaidi kuanguka kwa Jamhuri ya Weimar?

Mwalimu_Mtwara: Wapendwa, ninaandaa somo la kidato cha sita kuhusu mrengo mkali wa kulia nchini Ujerumani kati ya vita kuu mbili, enzi ya Jamhuri ya Weimar (utawala wa kidemokrasia uliokuwapo kabla ya Hitler), na ningependa kufuata maisha ya mwanasiasa mmoja asiyekuwa Hitler. Nimebakiwa na Alfred Hugenberg wa DNVP, chama cha wahafidhina wazalendo, na Gregor Strasser wa chama cha Nazi. Nani anafaa?

Bi_Salma: Hugenberg. Huyu aliongoza bodi ya Krupp, kampuni ya chuma na silaha, tangu 1909 hadi 1918, akajikusanyia magazeti na, mwaka 1927, kampuni ya filamu ya UFA. Akiwa mwenyekiti wa DNVP, mwaka 1929 alimshirikisha Hitler katika kampeni ya kupinga Mpango wa Young uliohusu fidia za vita. Kura ya maoni ya Desemba kuhusu mpango huo ilishindwa vibaya, lakini Hitler, ambaye chama chake kilikuwa na viti 12 tu bungeni, alitoka humo akiwa amezoeleka kwa watu wa tabaka la kati. Septemba 1930 Wanazi walipata viti 107, na DNVP ikashuka kutoka 73 hadi 41. Hugenberg, aliyemkaribisha Hitler, ndiye aliyenyang'anywa wapiga kura.

Kalamu_Kavu: Dada, magazeti peke yake hayajengi matawi. Strasser, mfamasia wa Landshut, ndiye aliyepanga upya mikoa ya chama ilingane na majimbo ya uchaguzi. Desemba 1932 Kansela Schleicher alitaka kumpa umakamu wa kansela. Hitler alipokataa, Strasser alijiuzulu nyadhifa zake badala ya kupambana, na tarehe 30 Juni 1934 akauawa katika mahabusu ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, mjini Berlin. Wanaomsifu kuwa mjamaa wasisahau kwamba aliwachukia Wayahudi kama wenzake.

Mzee_wa_Maktaba: Kwa wanafunzi wa Mtwara, mbona hamumtaji Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, aliyepigana Mahiwa mwaka 1917? Baadaye aliunga mkono uasi wa Kapp wa 1920, jaribio la kuipindua serikali ya Jamhuri, akawa mbunge wa DNVP tangu 1928 hadi 1930.

Bi_Salma: Shikamoo, Mzee. Jina lake litawavutia, ila siasa yake ni nyembamba mno kubeba somo zima. Hugenberg mwenyewe anafika hadi kwetu: alipokuwa waziri wa uchumi na kilimo katika serikali ya Hitler, alidai kwenye mkutano wa London, Juni 1933, kwamba Ujerumani irudishiwe makoloni yake ya Afrika. Dai hilo liliiaibisha serikali, naye akajiuzulu mwezi huohuo, chama chake kikiwa kinavunjwa. Hata hivyo alibaki mbunge hadi 1945, akafa kitandani mwaka 1951.

Mwalimu_Mtwara: Basi ni Hugenberg, na Strasser nitamweka kipindi cha pili. Nitawapa wanafunzi matokeo ya 1928 na 1930 kwanza, wajadili wapiga kura wa DNVP walikwenda wapi, kabla sijawatajia jina lolote.